Bastola moja ya kiunoni na ya nyumbani: nichukue ipi?

Asalamu alaykum, mshauri.

Mimi ni mfanyabiashara wa hapa Malindi, umri miaka 44. Nauza vifaa vya ujenzi: saruji, misumari, rangi, mabomba. Nusu ya mauzo siku hizi huingia kwa simu, nusu bado ni noti, maana fundi akilipwa mkononi naye hulipa mkononi. Nafunga saa mbili na nusu usiku, natia pesa kwenye mkoba, napanda pikipiki yangu hadi nyumbani Muyeye. Mwaka jana jirani yangu wa dukani alivamiwa akiwa anafunga kufuli la mwisho. Walimpiga rungu la bega, wakaondoka na mkoba. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Niliomba leseni ya silaha, nikapita mahojiano yote, na nimekubaliwa bastola moja. Hata ningeruhusiwa mbili nisingeziweza, bei zake si mchezo. Kwa hivyo hiyo moja ifanye kazi mbili: mchana ikae kiunoni pasi na mtu kujua, usiku ilinde nyumba.

Hapo ndipo nilipokwama. Muuzaji aliniwekea tatu mezani. Glock 19, ya risasi 15, ndiyo iliyokaa vizuri mkononi mwangu, ila nilipoipachika chini ya shati ilitokeza kama nimeficha muhogo. Glock 43X, ya risasi 10, ni nyembamba, lakini sikuiona fupi kama nilivyotarajia. Ya tatu ni rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo ya Smith & Wesson, 642, risasi tano tu. Muuzaji aliisifu sana hiyo, akasema haina mambo mengi, hata mke wangu ataweza kuitumia nikiwa safarini. Shemeji yangu, aliyekuwa askari, anaicheka rivolva. Asema nitafute Ceska (bastola za CZ, za Ucheki) yenye kitufe cha usalama, kwani Glock haina kitufe na ipo siku nitajipiga paja. Ijumaa navaa kanzu, siku nyingine shati la nje.

Nyumba yetu kuta za nje ni za mawe, lakini ndani tulipoongeza chumba cha mama mzazi tulikitenga kwa plaiwudi. Tuko watano: mimi, mama, mama watoto, kijana wa miaka 16 na binti wa miaka sita. Mama watoto hataki kusikia. Ameniambia kikiingia kitu hicho yeye atahamia kwa mamake. Naona hajaielewa hatari tuliyo nayo. Kijana hana neno, mkimya tu tangu matokeo yalipotoka, hujifungia chumbani, hata mpira ameacha. Nimemlea vizuri, hatagusa. Mpango wangu ni kuilaza chini ya mto, risasi iko ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu, tayari kufyatuliwa), maana mwizi hangoji mtu afungue sanduku.

Niambie, nichukue ipi? Na je, nikae nayo risasi ikiwa chemba, au la?

Mwenye Duka, Malindi

*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Kwanza pole kwa usingizi uliopotea. Mtu aliyeona jirani yake akipigwa rungu mlangoni pa duka hahitaji kuelezwa na mtu kwamba hofu yake ni ya kweli. Umefuata njia ya sheria badala ya kununua gizani, na hilo ni la kupongezwa.

Swali lako nimelielewa hivi: unatafuta bastola moja ya kazi mbili, una tatu mezani na ya nne mdomoni mwa shemeji, na kila anayekushauri anasifu yake. Nitazipitia. Ila nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikisoma naona sentensi mbili ulizozipita mbio, ya mke na ya kijana, zina uzito kuliko zote nne. Nitafika huko. Nisipoanza na chuma utadhani nakukwepa.

Ulishangaa kwamba 43X si fupi. Macho yako hayakukudanganya. Kutoka kitako cha magazini (kikasha cha risasi kinachoingia mpinini) hadi juu ya vilengeo, Glock 19 ina milimita 128, na 43X ina milimita 128 vilevile. Tofauti iko kwenye unene, milimita 34 dhidi ya 28, na kwenye uzito. Ile 19 ikiwa imejaa inakaribia gramu 855, nayo 43X imejaa iko kwenye gramu 660 hivi. Sasa, bastola kiunoni haifichuliwi na mtutu, kwa sababu mtutu umeingia ndani ya suruali. Kinachotokeza ni mpini, na ule muhogo uliouona ni kona ya nyuma ya mpini inayosukuma shati kila ukiinama. Ndiyo maana kununua mtutu mfupi wenye mpini mrefu husaidia kidogo mno.

Ikiwa shida ni mpini, kuna moja ambayo muuzaji hakukuwekea: Glock 26. Kimo chake ni milimita 106, inabeba risasi 10, na magazini ya 19 inaingia na kufanya kazi ndani yake. Yaani mchana ubebe na magazini fupi, usiku uiwekee ndefu ya 15. Kwa mtu wa bastola moja hilo ni jambo la kufikiriwa. Ila nayo ina ila zake. Kidole cha mwisho hukosa mahali pa kushika, hivyo inaruka zaidi mkononi, na ukipachika magazini kwa haraka kitako chake hubana nyama ya kiganja hadi damu. Anayeanza hujifunza polepole zaidi kwa bastola ndogo. Wauzaji hupenda kumpa mgeni bastola ndogo kwa kuwa ni nyepesi, wakati wepesi huo ndio unaozidisha teke.

Kwa sababu hiyohiyo naisikitikia sifa ya rivolva. Ile 642 ina uzito wa gramu 400 na kitu, na kifyatulio chake hutaka nguvu ya kilo tano au zaidi, kwa mvuto mrefu. Linganisha na kilo mbili na nusu hivi za Glock. Mkono uliozoea kubeba mifuko ya saruji utaweza. Mkono usio na mazoezi utatetemesha mtutu kabla risasi haijatoka, na baada ya risasi tano kiganja kinauma kiasi cha mtu kutotaka mazoezi tena. Hata hivyo shemeji asiicheke mno. Rivolva haina slaidi (kifuniko cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie chemba) ya kuvuta wala magazini ya kusahauliwa. Ukiifungua unaona matundu matano waziwazi, yamejaa au matupu, na ule mvuto mzito hauvutiki kwa bahati mbaya kirahisi. Kwa mtu atakayefanya mazoezi mara mbili kwa mwaka, hizo si sifa ndogo.

Na Ceska? Shemeji anaijua, askari wengi wa Kenya wameishika. Swali ni Ceska ipi. CZ 75 ya kawaida ni chuma kizima, tupu tu ni kilo moja. Zaidi ya hapo, ile yenye kitufe cha usalama, ukitaka kuibeba nyundo (kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke) ikiwa chini na risasi iko chemba, inabidi uishushe nyundo kwa kidole gumba huku umevuta kifyatulio, juu ya risasi hai. Kidole kikiteleza kwa jasho, imelia. Zipo Ceska zingine, kama P-01, zenye kiwiko cha kushusha nyundo salama. Hizo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, wa pili ni mfupi na mwepesi, basi utajifunza mivuto miwili. Si vibaya, ila ni kazi.

Ni kweli Glock haina kitufe cha kubonyeza. Ina vizuizi vitatu vinavyojifunga vyenyewe, ikianguka chini hailii. Lakini hakuna kizuizi kati ya hivyo kinachojua kama kilichovuta kifyatulio ni kidole chako au ncha ya shati. Wanaojipiga paja mara nyingi hujipiga wakati wa kuirudisha kwenye ala: shati limeingia pamoja nayo, au ala ni ya ngozi iliyolegea na mdomo wake umejikunja ndani ya tundu la kifyatulio. Dawa yake inajulikana. Ala, au holsta kama wauzaji wanavyoiita, iwe ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa bastola hiyohiyo, ifunike kifyatulio chote na ibaki wazi hata bastola ikitolewa. Mkanda uwe mgumu, upana wa milimita 38 hivi, si ule wa suruali ya ofisini. Kuirudisha si mashindano: inua shati kwa mkono wa pili, tazama kwa macho, ingiza taratibu. Pesa ya ala na mkanda itoe pembeni kabla ya kununua bastola, usije ukabaki na silaha nzuri ndani ya mfuko mbovu.

Ukirudi dukani, uhakikishe ni tupu kisha ujaribu haya. Ishike mpini ukiwa juu kabisa, mtutu ukifuata mstari wa mfupa wa mkono. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuusogeza mkono. Kisha omba uvute slaidi ukiwa na viganja vyenye jasho, maana hapa kwetu ndivyo vitakavyokuwa. Bastola ndogo huwa na springi ngumu zaidi kuliko kubwa, na wengi hawalijui hilo mpaka wamelipa.

Kuhusu mavazi, kuna jaribio lisilo na gharama. Chukua ubao, ukate pande la mraba la milimita 128 kwa 185, lisilo na umbo la bastola ili usimtishe mtu. Jaza kifuko kwa gramu 850 za mchele ulizopima kwenye mizani ya duka, ukifunge pamoja na ubao, uvipachike upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga, pale kwenye tarakimu ya 4 ya uso wa saa (sisi tungesema saa kumi). Kaa navyo juma zima. Panda pikipiki, inama kwenye magunia, ingia kwenye tuktuk, keti kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Kuna watakaokuambia uibebe mgongoni katikati. Kwa mtu wa pikipiki nakusihi ulifikirie mara mbili, kwani ukianguka chali utaangukia chuma juu ya uti wa mgongo.

Halafu ifike Ijumaa. Kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi haifichi kitu upepo wa kusi ukiivuta. Na hata ikificha, utaifikiaje? Itakubidi uifunue kanzu hadi kiunoni, mikono miwili. Ukisujudu mpini unainuka juu, na aliye safu ya nyuma anausoma kama bango. Ukiivua ili utawadhe, utaiweka wapi? Juu ya ukingo wa birika, karibu na viatu? Silaha zinasahaulika hivyohivyo. Huenda jibu la Ijumaa ni kwamba haitoki kabisa. Lakini hapo ujiulize itakaa wapi saa hizo, na nani atakuwa nyumbani.

Swali la chemba sasa. Anayebeba bila risasi chemba anahitaji mikono miwili na nafasi ya kuvuta slaidi. Wewe usiku mkono mmoja uko kwenye usukani au umeshika mkoba. Anayebeba risasi ikiwa chemba hahitaji hilo, lakini anahitaji ile ala ngumu na nidhamu isiyolegea hata siku moja. Wapo wanaoanza miezi ya kwanza na chemba tupu hadi mikono izoee. Wapo wanaosema hiyo ni kujifunza njia utakayoiacha. Pande zote mbili zina watu makini. Ninachoweza kusema bila kusitasita ni hiki: bastola yenye risasi chemba na isiyo ndani ya ala haina mahali pa kukaa, si droo, si mkoba, wala chini ya mto. Chini ya mto mkono wa mtu aliye usingizini hupapasa. Mtoto wa miaka sita hupanda kitandani kwa babake alfajiri. Chandarua na shuka huivuta, ikaanguka ubavuni mwa kitanda usijue.

Una hofu kwamba sanduku litakuchelewesha. Liko sanduku dogo la chuma la vitufe vinne au vitano ambalo mtu aliyezoea hulifungua gizani kwa sekunde tatu nne, likiwa limefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa mawe, si kwenye kabati la mbao. Yale ya alama ya kidole hupendeza dukani, lakini kidole chenye jasho au vumbi la saruji hukataliwa, na betri huisha kimyakimya. Ukichagua la vitufe badilisha betri kila mwaka kwa tarehe unayoikumbuka. Ndani usiilaze juu ya sifongo tupu wala usiiache ndani ya ala ya ngozi, maana hewa yetu ina chumvi, na ngozi hunywa unyevu ikaubana kwenye chuma. Tia vifuko vya kukausha unyevu, uifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila juma, na kila siku ambayo jasho liliifikia. Skurubu na vilengeo hushika kutu kabla ya slaidi.

Kila ikiingia na kutoka sandukuni kuna tendo la kuijaza au kuimwaga, na ajali nyingi za nyumbani hutokea hapo. Mfuatano haubadiliki: kwanza toa magazini, ndipo uvute slaidi mara tatu, kisha utazame chemba na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini amejitoa risasi moja na kujiingizia nyingine, halafu anaamini ni tupu. Na risasi ileile usiiingize chemba kila asubuhi mwezi mzima. Kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogokidogo, na siku ukiifyatua shinikizo linaweza kupita kiasi. Ilinganishe na mpya, ikiwa fupi iweke kando.

Sasa plaiwudi. Hakuna hata moja kati ya bastola nilizozitaja ambayo risasi yake itasimamishwa na ubao huo. Simama usiku kando ya kitanda chako, nyoosha mkono mtupu kuelekea mlango wa chumba, uufuate mstari huo kwa macho hadi ukuta wa mawe wa mwisho. Fanya hivyo kutoka kila mahali unapodhani utasimama. Mstari gani unapita juu ya kitanda cha mama? Upi unapita kwenye chumba cha watoto? Chora nyumba kwenye karatasi uitie alama. Risasi za ncha yenye tundu hutanuka mwilini na mara nyingi hupenya pungufu kuliko zile za koti la shaba, lakini tundu lile likizibwa na vumbi la mbao linaweza kukosa kutanuka. Huenda ukagundua kwamba mahali pekee salama ni kubaki chumbani, familia yote imevutwa humo, mlango umefungwa, simu iko sikioni. Na tochi ya mkononi ni lazima, isiwe imepachikwa kwenye bastola, kwani umeme ukikatika anayetembea sebuleni saa tisa usiku mara nyingi ni mama anayetafuta maji. Usimmulike mama kwa mtutu.

Muuzaji amekuambia mkeo ataitumia ukisafiri. Hilo liulize kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujalijenga kwenye mipango. Cheti ni cha jina lako. Sheria ya silaha, Sura ya 114, inakutaka wewe uitunze mahali salama wakati wote, na asiye na cheti chake hana ruhusa ya kuwa nayo. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, kwa hivyo usidhani ukikipata umekipata maisha. Vilevile Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 17, hupima nguvu ya kujilinda kwa misingi ya sheria za kimapokeo za Kiingereza: je, ilikuwa lazima, na ilikuwa ya kiasi? Mtu anayekukimbia na mkoba wako amekupa mgongo. Jibu la maswali hayo mawili hapo si jepesi.

Umesema mkeo hajaielewa hatari. Hebu tuligeuze kidogo. Inawezekana anaielewa, ila anahesabu hatari nyingine. Wewe unahesabu dakika chache za barabarani. Yeye anahesabu saa zote zilizobaki, zile ambazo bastola iko nyumbani nawe uko dukani. Sijui, wewe ndiye unayemjua. Ulishamuuliza anaogopa nini hasa, ukanyamaza hadi akamaliza?

Na kijana wako. Hapa naomba uweke kalamu chini. Mkimya tangu matokeo, hujifungia, ameacha mpira aliokuwa akiupenda. Pengine ni ujana, utapita. Pengine ni huzuni iliyozidi uwezo wake. Kulelewa vizuri hakumkingi mtu na huzuni ya aina hiyo. Wazo la kujidhuru mara nyingi huja kwa nguvu kisha hupungua, wakati mwingine ndani ya dakika, na kinachoamua ni kilicho karibu na mkono dakika hizo. Bastola haimpi mtu nafasi ya kughairi. Vijana wa umri huo pia hujua namba za sanduku kuliko wazazi wanavyodhani: tarehe ya kuzaliwa ya dada, mwaka wa ndoa yenu.

Zungumza naye, ikiwezekana mkitembea au mkipanga mali dukani, si ana kwa ana kama mahakamani. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kutotaka kuishi. Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi humtua mzigo. Akisema ndiyo, au akikwepa ukabaki na shaka, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo kama unavyompeleka mwenye homa kali. Mpaka hapo patakapotulia, iko njia ya kutoileta bastola nyumbani: muulize muuzaji mwenye leseni, au kituo cha polisi, kama wataitunza kwa muda. Au usiinunue kwanza. Kuna hasara, barabarani utaendelea kupita mtupu. Lakini hasara hiyo ina njia nyingine za kuipunguza.

Maana tazama, jirani yako alivamiwa akiwa ameinamia kufuli, mgongo nje. Bastola gani kati ya hizi ingemfaa sekunde ile? Aliyekutangulia kwa rungu au panga yuko hatua mbili, nawe una shati la kufunua. Na wakishajua unayo, wapo watakaokuja kuifuata yenyewe. Kinachomwita mwizi ni mkoba uleule, saa ileile, njia ileile. Pesa zikiingia kwa wakala au benki saa tisa mchana badala ya kwenda Muyeye usiku, zikibaki dukani ndani ya kasha la kutumbukizia ambalo hata wewe huna ufunguo wake usiku, mafundi wakipunguziwa kidogo wakilipa kwa simu, mkoba wa saa mbili na nusu unabaki na daftari tu. Mnaweza kufunga watu wawili, mmoja akitazama barabara. Hizi nazo zina gharama: wakala ana makato yake, na mwenzako wa kufunga ana nauli yake. Zipige hesabu pamoja na bei ya bastola, ala, sanduku, na risasi 200 za kwanza ambazo mtu huhitaji kuzipiga kiwanjani kabla ya kuiamini bastola yoyote, kwa kadiri cheti kinavyoruhusu.

Kwa hivyo kabla ya kurudi dukani, sambamba na ule ubao, chukua karatasi uandike saa 24 za bastola. Saa kumi na moja alfajiri iko wapi, iko katika hali gani, na nani yuko hatua tano kutoka hapo? Saa mbili asubuhi unapoingia duka? Ukienda benki, ambako mlinzi hakuruhusu kuingia nayo? Adhuhuri ya Ijumaa? Jioni binti anapokurukia kiunoni ukishuka kwenye pikipiki? Usiku ukiwa na homa umelala fofofo? Kila mstari usioweza kuujaza uache wazi, usiujaze kwa matumaini. Idadi ya mistari iliyobaki wazi itakuambia kama unatafuta ya kubeba, ya sandukuni, au bado hujafika kwenye kuchagua.

Ukimaliza juma la ubao, mpe mama watoto karatasi hiyo aisome kabla hujamwonyesha muuzaji, na kalamu umwachie. Kisha niandikie, hasa kuhusu kijana.